Kumlea Tarantula Anayekua: Nyumba, Chakula na Kujivua Gamba kwa Wafugaji wa Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye nywele, hafi njaa kwa urahisi. Kinachomuua mikononi mwa watu mara nyingi ni dawa ya mbu, kuanguka kutoka juu ya kioo kirefu, au nyenje mmoja wa kumlisha aliyeachwa ndani usiku ambao buibui alikuwa anajivua gamba. Nimeandika mwongozo huu kwa anayefuga au anayetaka kuanza kufuga hapa kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bondo. Maelekezo mengi yaliyoko yaliandikiwa watu wa nchi za baridi, wenye duka la vifaa vya wanyama kila mtaa. Sisi tuna agroveti, tuna fundi wa vioo, na tuna soko la Kibuye kule Kisumu siku ya Jumapili. Vinatosha kabisa.

Shika jambo moja tangu mwanzo: tumbo la buibui ndilo linaloamua. Mwili wake una sehemu mbili. Mbele kuna kifua, lile gamba gumu lenye macho na ndiko miguu ilikoshikana. Nyuma kuna tumbo, laini, la mviringo. Kifua hakibadiliki hadi ajivue gamba. Tumbo hunenepa na kusinyaa kila wiki. Ukizoea kulinganisha viwili hivyo, utajua lini umlishe, lini uache, na lini umuandalie nyumba nyingine. Kalenda iwe ya kukumbushia tu.

Kibali kwanza

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikomei kwa ndovu na simba. Mnyama yeyote wa porini aliye wa asili ya Kenya yumo, na wadudu na buibui wamo pia. Anayedhani hili ni jambo dogo akumbuke kilichotokea Naivasha, humu humu kaunti ya Nakuru, Aprili 2025: vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa na takriban sisimizi malkia 5,000, wengi wakiwa wamepakiwa kwenye mirija midogo yenye pamba. Mwezi Mei mahakama ilimpa kila mmoja wao chaguo la faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Hao walikuwa wadudu tu, na waliokamatwa walisema hawakujua.

Kwa hiyo usichimbue buibui porini na kumleta nyumbani. Nenda ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, iliyo karibu nawe, eleza unataka kufuga nini na kwa sababu gani, uambiwe utaratibu wa kibali. Anayetaka kuleta aina ya kigeni naye aulize kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika. Shule na vilabu vya sayansi vina nafasi nzuri ya kueleza sababu zao, na ningependa sana kuona shule nyingi zikifanya hivyo.

Mjue uliye naye

Nyumba hufuata tabia. Wako tarantula wachimbaji, wako wanaotembea juu ya ardhi, na wako wapanda miti. Wa huku kwetu Afrika Mashariki wengi ni wachimbaji. Maarufu kuliko wote ni Pelinobius muticus, mkubwa wa rangi ya kutu, aliyeandikwa na wanasayansi tangu 1885. Jike mzima anaweza kufika karibu sentimita 20 kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa upande wa pili. Miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda kidogo, na hiyo ndiyo jembe lake. Ukimkaribia husugua miguu ya mbele na kutoa sauti ya kukwaruza inayosikika vizuri chumbani. Hukua polepole mno: atakaa nawe miaka mingi kabla hajawa mtu mzima, na jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anayetaka mnyama wa likizo moja asimguse.

Buibui hawa wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa bara la Amerika huzirusha. Ulinzi wao ni kasi na chonge. Kuuma kwao hakujulikani kuua mtu, ila maumivu ni makali na misuli yaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Hakuna dawa maalumu ya kupambana na sumu hiyo. Hospitalini hutibiwa maumivu na dalili. Akikuuma, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, na ukiona pumzi inabana au misuli inakakamaa, nenda hospitali bila kungoja. Jambo la maana zaidi ni hili: usimshike. Hana raha ya kushikwa, na wewe huna unachopata. Kazi zote utazifanya kwa kibano kirefu, brashi laini ya rangi na kikopo.

Weka nyumba mahali pasipo na dawa

Hili naliweka kabla ya nyumba yenyewe kwa sababu ndilo linalosahaulika kwetu kuliko yote. Tunaishi katika eneo la malaria na kupe, na dawa tunazotumia zimetengenezwa kuua viumbe wenye miguu iliyounganika. Buibui ni mmoja wao, na dawa haimuulizi kama anafugwa.

Nakuru hasa ni mji wa pareto. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na kiwanda cha kulisindika kiko hapa mjini. Watu wameishi na ua hilo hadi wanaliona halina madhara kwa kuwa linatoka shambani. Kwa binadamu sumu yake ni ndogo. Kwa tarantula ni kifo. Dawa nyingi za kupuliza na za kufukiza mbu zimetengenezwa kwa sumu ya pareto yenyewe au kwa dada zake wa kiwandani, na hao dada ndio pia waliolowekwa kwenye chandarua chenye dawa.

Chandarua ndicho mtego mkubwa. Mtu anataka kufunika kopo la buibui, anaona kipande cha neti kuukuu kimelala tu, kina matundu madogo mazuri, anakikata na kukifunga kwa mpira. Ndani ya siku chache buibui anatetemeka, miguu haishirikiani, anajikunja. Usitumie chandarua cha kulalia hata kiwe kimefuliwa mara ngapi.

Mengine ni haya. Usiwashe dawa ya mbu ya kufukiza katika chumba hicho, wala kupuliza ya kopo. Ikiwa umetoka kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, au umempaka mbwa dawa ya viroboto, osha mikono kwa sabuni mara mbili na ubadilishe shati kabla hujagusa vyombo vyake. Na kule ambako nyumba hupuliziwa dawa ukutani, kama ilivyofanywa Migori na Homa Bay, jua kwamba dawa hiyo imekusudiwa kubaki ukutani kwa miezi. Mhamishie buibui kwa ndugu kabla ya wapulizaji kufika, na akirudi usimweke akigusa ukuta.

Adui mwingine wa huku Magharibi ni siafu. Wakati wa masika wakipita nyumbani huingia popote, na buibui aliye ndani ya kopo hana pa kukimbilia. Dawa huwezi kutumia, kwa hiyo tumia maji: weka makopo juu ya meza ndogo, na kila mguu wa meza usimame ndani ya mkebe wa maji yenye matone machache ya sabuni. Ongeza maji yakikauka, na hakikisha meza haigusi ukuta wala pazia.

Nyumba ya kitoto

Kitoto cha sentimita moja au mbili kinahitaji kikopo cha mililita 60 hadi 100, kinachoonyesha ndani. Vile vikopo vidogo vya kuwekea viungo au mchuzi wa kubeba vinafaa, vikioshwa vizuri na kukauka. Watu huona huruma na kukipa kopo la aiskrimu la lita mbili. Si huruma hiyo. Kwenye nafasi kubwa kitoto hakikutani na chakula chake, na wewe hukioni. Hujui kama kimekula, kimejivua gamba au kimekufa.

Toboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, machache kwenye kifuniko na machache ubavuni ili hewa ipite kutoka upande hadi upande. Toboa ukiwa nje, moshi wa plastiki ni mbaya. Kila tundu liwe dogo kuliko kifua cha buibui, kwa kuwa tumbo hupenyeza popote kifua kilipopita.

Udongo: nunua kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi wanaooteshea miche. Agroveti nyingi wanao, kwa tofali au kwa kilo. Soma mfuko, ukiandikwa kwamba umetiwa mbolea, uache. Loweka, ukamue, kisha changanya na udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu mbili za kokopiti kwa moja ya udongo, ili shimo lisiporomoke. Udongo utoe mahali pasipopuliziwa dawa, si kwenye shamba la mahindi au nyanya, na uukaange kwenye sufuria kuukuu hadi uache kutoa mvuke ili mayai ya utitiri yafe. Vumbi la mbao la seremala usilitumie. Fundi wetu wengi hupasua msaipresi, na harufu ile kali ya mti ndiyo yenyewe hatari.

Jaza theluthi mbili za kikopo, ukishindilia kwa kidole. Kisha chukua kijiti cha unene wa penseli, ukitumbukize kwa mshazari kando ya ukuta wa kikopo. Umempa mlango wa shimo, na kwa kuwa shimo liko ukutani, utamwona akiwa ndani.

Unyevu pima kwa kiganja. Chukua udongo, ukaze ngumi: ukishikana bila kudondosha maji, uko sawa. Baadaye usinyunyize juu kila siku; mimina maji kidogo pembeni ili chini kuwe na unyevu na juu kukauke. Hewa ya Kisumu ni nzito na yenye joto, ukungu mweupe hutokea haraka, kwa hiyo ongeza matundu kabla hujapunguza maji. Nakuru mambo ni kinyume: Januari na Februari upepo mkavu hukausha kikopo kwa siku mbili tatu, nacho kitoto hakina akiba ya maji ya kutosha. Kinachofika sentimita tatu hivi kipe na chombo cha maji, kifuniko cha chupa ya soda kinatosha. Usitie sponji ndani yake, huozesha maji.

Joto halina mengi ya kusema. Nyuzi 20 hadi 28 zinamfaa. Kisumu huhitaji chochote, ila kuepuka jua la dirishani, linaloweza kumpika ndani ya kopo kwa dakika chache. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai nje huweza kuwa nyuzi 10 au pungufu. Weka makopo kwenye rafu ya juu, ndani ya katoni, katika chumba wanacholala watu. Baridi ikizidi, tia kwenye katoni hiyo chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, isigusane na kopo. Jiko la makaa kamwe. Moshi na gesi yake si nzuri kwako wala kwake. Wala usimpashe joto kwa chini. Mchimbaji akihisi joto hukimbilia chini zaidi akitafuta ubaridi, na hapo anakutana na moto wenyewe.

Chakula: nyenje, na wapi pa kuwapata

Katika jambo hili watu wa Magharibi wana bahati. Ufugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula cha watu na mifugo umefundishwa sana pande za ziwa; Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo cha wadudu wa chakula, na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wana kampasi yao Mbita. Ukipata mfugaji wa nyenje, mwombe wachanga wa ukubwa tofauti tofauti. Kisha fuga wako mwenyewe, maana kununua kila wiki kunachosha na nyenje wa mkononi unajua walikula nini.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye kuta laini. Kata dirisha kwenye kifuniko, libandike wavu wa chuma, kwa sababu wa plastiki wanautafuna na kutoka. Panga trei za mayai zikiwa zimesimama wima wapate pa kujificha. Chakula ni unga wa kuku wanaokua, kidogo kwenye kifuniko, pamoja na karoti au sukuma wiki. Sukuma ya sokoni ni ya kuogopa, hujui ilipuliziwa lini. Bora ile ya nyuma ya nyumba yako, au majani ya maboga. Maji usiwape kwenye sahani watazama, wape kwenye pamba iliyoloweshwa. Weka na kopo la udongo wenye unyevu, majike watachoma mkia humo na kutaga. Kopo hilo likikaa mahali pa nyuzi 28 hadi 30, mayai huanguliwa baada ya wiki moja na nusu hadi mbili. Nakuru itachukua muda zaidi ukiliacha kwenye baridi.

Wape nyenje chakula kizuri siku moja au mbili kabla ya kuwatoa. Anachokula nyenje ndicho anachokula buibui.

Sasa vile visivyofaa. Mende wa jikoni, hapana. Kwa mji wetu kila mende huenda amewahi kupita kwenye dawa. Kumbikumbi wa mvua wanavutia, nao huokotwa bure chini ya taa, lakini sijui wametua wapi kabla ya hapo na siwalishi. Funza wa nzi, yaani mabuu, wanaofugwa sasa Kisumu kwa ajili ya mifugo na samaki si sumu, ila hujizika mara moja kwenye udongo. Ukitumia, vunja kichwa kwanza na uwe mara moja moja. Nyama ya bucha na vitoto vya panya viache kabisa. Huozesha nyumba nzima.

Namna ya kulisha

Kipimo cha windo ni tumbo la buibui: nyenje asizidi urefu wa tumbo. Kwa kitoto kidogo kabisa hata nyenje wa jana ni mkubwa, basi kipe kipande. Chukua nyenje aliyekufa sasa hivi, kata kwa mkasi mguu wa nyuma, lile paja lililonona. Jioni, lishike kwa kibano na ulilaze mdomoni mwa shimo, pale nyuzi za utando zinapoanza. Ondoka. Ukirudi na tochi baada ya saa moja, paja limeshavutwa ndani, na kesho yake utakuta kitu kidogo kikavu cheusi kimetupwa nje ya mlango. Hayo ni mabaki, yatoe.

Kitoto kilishe mara mbili kwa wiki. Kikifika sentimita nne au tano, mara moja kwa wiki. Mtu mzima hutosheka kila baada ya siku 10 hadi 14. Kila mara kabla ya kulisha, angalia tumbo:

– Ni dogo kuliko kifua: ana njaa, au ana kiu. Hakikisha maji yapo, mlishe.
– Linalingana na kifua au limezidi kidogo: endelea na ratiba.
– Limefika mara moja na nusu ya kifua: acha, hata kama anaendelea kurukia chakula. Tumbo lililojaa kupita kiasi huburuzwa chini na likigonga kitu hupasuka.

Nyenje asiyeliwa atoke kabla hujalala, au asubuhi mapema kwa uchache. Wako wanaosema nyenje mzima akibaki ndani atampa buibui mazoezi. Nyenje ana taya kali, na hula chochote laini atakachokuta kimelala.

Akikataa chakula usibabaike. Wachimbaji wakubwa huziba mlango wa shimo kwa udongo na utando na kukaa ndani wiki nyingi, hata miezi. Usimfukue. Ongeza maji kwenye chombo chake, mimina kidogo pembeni, ungoje. Mara nyingi ana kazi nyingine humo ndani.

Kujivua gamba

Kazi yenyewe ndiyo hii. Buibui hakui kidogo kidogo kila siku kama ndama. Gamba lake halinyumbuki, hivyo hukua kwa hatua: anatengeneza gamba jipya chini ya lile la zamani, analivua la zamani, na kwa saa chache wakati jipya bado ni laini hujinyoosha na kuwa mkubwa. Kitoto cha aina inayokua haraka hufanya hivyo kila baada ya wiki chache, kijana kila baada ya miezi kadhaa, mtu mzima mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Dalili: anaacha kula akiwa na tumbo nene. Tumbo linabadilika rangi, linakuwa la giza na linang'aa kwa kutanuka. Mwendo wake unazorota. Anaweza kutandika mkeka mnene wa utando. Ukiona hayo, toa kila nyenje, jaza maji, na funga mkono wako.

Siku yenyewe ikifika, mara nyingi hulala chali. Hapa ndipo watu wengi humpoteza. Wanamwona miguu juu, wanadhani amekufa, wanamgeuza au kumgusa kwa kijiti. Tarantula anayekufa kwa kawaida hajilazi chali. Hubaki kifudifudi huku miguu ikijikunja chini ya mwili. Aliyelala chali na miguu imetanuka anajivua gamba. Usimguse, usimpulizie maji, usisogeze kopo.

Ukikaa kimya na taa hafifu utaona mambo. Gamba la kifua hupasuka ukingoni na kufunuka kama kifuniko cha sufuria. Kisha miguu yote inaanza kuvutwa kutoka ndani ya miguu ya zamani, sukuma, pumzika, sukuma tena, myeupe na yenye unyevu, pamoja na chonge mpya ambazo wakati huo ni nyeupe kabisa. Kitoto humaliza kwa nusu saa hivi. Mkubwa huchukua saa nyingi. Kile kilichobaki kinaonekana buibui mzima mwingine, chenye chonge na nywele, na ndiyo maana wageni huuliza kwa nini sasa wako wawili.

Baada ya hapo usimlishe. Chonge zikiwa nyeupe ni laini, akiuma nyenje zinapinda. Zitakuwa nyekundu, kisha nyeusi. Lisha zikiwa nyeusi: kitoto subiri siku nne au tano, kijana wiki moja hadi siku kumi, mkubwa wiki mbili au zaidi. Maji yawepo muda wote. Akitoka amepoteza mguu, usisikitike sana. Utarudi mdogo mara ijayo, na mkubwa zaidi mara inayofuata.

Gamba la zamani litoe kwa kibano akishaliacha, na ulihifadhi. Ukililowesha kwa maji yenye tone la sabuni na kulikunjua polepole, utaweza kulipima na, buibui akishafika ukubwa wa kutosha, kumjua jike au dume. Tazama kwa kioo cha kukuza upande wa ndani wa tumbo, kati ya yale mapafu mawili ya mbele yanayoonekana kama madoa meupe. Jike ana kifuko kidogo kilichosimama pale. Dume hana.

Kuhama nyumba

Mhamishe upana wake, kutoka mguu hadi mguu, ukishakaribia kujaza upana wa kopo. Upana wa nyumba mpya usizidi mara tatu hadi nne ya upana wa buibui. Kijana wa sentimita tano hukaa vizuri kwenye kopo la lita moja au mbili. Kwa mchimbaji chagua refu kuliko pana. Mtu mzima apewe tangi la kioo, na hapo fundi wa vioo ndiye rafiki yako: mwambie sentimita 30 kwa 30 chini, 45 kwenda juu, kifuniko cha kuteleza chenye kufuli, na matundu yaliyotobolewa kwenye plastiki ngumu. Wavu wa chuma kwenye kifuniko sikushauri. Buibui hupanda, kucha zikanaswa kwenye wavu, akaning'inia hadi akapoteza mguu. Gundi ya silikoni ikae siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa.

Jaza udongo sentimita 25 hadi 30 kwa mchimbaji mkubwa. Unampa kina hicho kwa sababu mbili. Kwanza anahitaji shimo. Pili, nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui, kwa maana mzito akianguka kutoka juu tumbo hupasuka na hakuna wa kulishona.

Siku ya kuhama, andaa hivi. Tangi liwe tayari, limeshindiliwa, lina maji na shimo la kuanzia. Watoto na paka watoke, mlango ufungwe, kitambaa kizibe chini ya mlango. Kaa sakafuni, si mezani, na kopo liwe ndani ya beseni kubwa. Shika kikopo cha kumfunikia mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Kwa mchimbaji aliyejificha, njia ya upole ni kuliweka kopo lake la zamani, likiwa wazi, ndani ya tangi jipya, ukafunga kifuniko na kumwachia usiku. Wengi hutoka wenyewe. Asiyetoka siku ya kwanza atatoka ya tatu. Ukilazimika kumsukuma, mguse kwa brashi miguu ya nyuma, taratibu, akielekea ulikoweka kikopo. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge, acha kazi hiyo hadi kesho. Na aliyejivua gamba majuzi asihamishwe kabla ya wiki mbili, mwili bado haujakaza.

Akiingia nyumba mpya anaweza kukataa kula wiki moja au mbili. Mwache achimbe.

Dume akikomaa

Jike ataendelea na ratiba hii miaka mingi. Dume utamtambua baada ya gamba lake la mwisho: vile viungo viwili vifupi vya mbele, vinavyofanana na miguu midogo, vinakuwa na vifundo nchani, miguu inarefuka, mwili unakonda. Haachi kuzunguka usiku, anakula kidogo sana, na hata ukimlisha vipi hatazidi sana mwaka mmoja. Mpe maji kila siku, windo dogo akikubali, na upunguze kimo cha nyumba kwa kuongeza udongo kwa kuwa sasa atapanda kuta kuliko zamani.

Ikiwa huwezi kuendelea kumtunza, awe jike au dume, usimwachilie shambani wala msituni Kakamega, hasa wa kigeni. Warudie KWS waliokupa kibali, uwaambie, nao watakuelekeza ampokee nani mwenye kibali.